Sam Burgess na mzigo wa 2015

Dakika ya kwanza tu ya fainali ya ligi ya raga ya Australia, Oktoba 2014, Sam Burgess aligongana kichwa na Mwingereza mwenzake James Graham, mfupa wa shavu ukavunjika. Uso ukafura. Hakutoka. Alicheza dakika zote 80, timu yake ya South Sydney ikawanyuka Canterbury 30-6 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1971, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Hiyo ni raga ya wachezaji 13, mchezo aliokulia huko Dewsbury, Yorkshire. Mwezi uliofuata alikuwa Bath, klabu ya Uingereza, akijifunza ile ya wachezaji 15. Septemba 2015 akachezea Uingereza Kombe la Dunia. Wenyeji hao wakatolewa hatua ya makundi, Burgess akarudi Sydney, na lawama zikamfuata.

Wanaomlaumu hawasemi ovyo. Katika raga ya 13, ukiangushwa unaachiwa uinuke, unausukuma mpira nyuma kwa unyayo, mchezo unaendelea. Katika ile ya 15, mpira ukifika chini ndipo vita vinaanza, na kujua lini uingie na lini ukae nje ni elimu ya miaka. Yeye alikuwa na miezi. Tena alipoitwa kikosini, senta (mchezaji wa katikati ya safu ya nyuma) mzoefu Luther Burrell aliachwa nyumbani. Halafu akauacha mkataba wa miaka mitatu baada ya mwaka mmoja tu. Alisema anataka kuwa karibu na familia yake, nami namwamini, lakini Bath walikuwa na haki ya kuumia.

Hata hivyo, nani alimweka pale? Bath walimchezesha flanka, jezi namba 6, ambako kazi ni kuangusha watu na kubeba mpira kwa nguvu: kazi aliyoijua tangu ujana. Kocha wa taifa Stuart Lancaster akamtaka senta, namba 12, mahali pa kusoma ulinzi mzima kwa kupepesa jicho. Mtu mmoja akawa anafundishwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Hilo ndilo linaloniuma.

Itazameni tena mechi ya Wales. Alianza namba 12 ili kumzuia Jamie Roberts, lile jitu la Wales, na alimzuia vizuri. Alipotolewa zikiwa zimebaki kama dakika kumi, Uingereza walikuwa mbele. Wakafungwa 28-25 yeye akiwa benchi. Kisha Australia wakawamaliza 33-13.

Watu humlinganisha na Jason Robinson, aliyetoka Wigan, klabu ya raga ya 13, na kufunga trai (bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2003. Ila Robinson alihamia raga ya 15 mwaka 2000. Alipewa karibu miaka mitatu, tena pembeni mwa uwanja, ambako kasi yake ilijitosheleza.

Burgess alistaafu Oktoba 2019 kwa jeraha la bega, akiwa na miaka 30. Katika raga ya 15 aliichezea Uingereza mechi tano, na hakuna aliyewahi kumwanzisha hapo akiwa na jezi namba 6.