Kirusi sugu si tatizo la wachache

Ipo hoja inayorudiwa sana, hata na watu wanaolifahamu vizuri suala la UKIMWI, kwamba kutafuta dawa mpya dhidi ya VVU sugu ni anasa, yaani kirusi ambacho dawa hazikiwezi tena, kwa kuwa dolutegravir, dawa kuu ya VVU ya siku hizi, ipo, inavumilika mwilini na inafubaza virusi kwa walio wengi. Siikubali. Huruma kwa wale ambao hakuna tena dawa inayowafaa ingetosha kuwa sababu, lakini ninayo nyingine: baadhi ya dawa bora zinazowafaa watu wote leo zilipatikana katika jitihada za kukabili virusi vilivyokwisha kuzishinda dawa za awali.

Usugu huanzia katika maumbile ya kirusi chenyewe. Kimeng'enya kinachonakili RNA yake kuwa DNA hakisahihishi makosa yake. Jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi ya kirusi, ina takriban herufi 9,700, na katika mwili wa mtu asiyetumia dawa huzaliwa mabilioni ya virusi vipya kila siku, kiasi kwamba karibu kila badiliko la herufi moja linaloweza kutokea huwa limekwisha kutokea kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Dawa dhaifu huviondoa vile vinavyoathirika nayo na kuviachia nafasi vingine. Dawa ya zidovudine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilitolewa peke yake, na kufikia 1989 watafiti walikuwa wamekwisha kuonyesha virusi vilivyopoteza usikivu kwake. Kwa dawa za nevirapine na efavirenz, badiliko moja tu katika nafasi ya 103 ya kimeng'enya hicho linatosha kuziondolea nguvu zote mbili. Dozi zinazorukwa huchangia, sikatai, lakini dawa zinapokwisha ghalani matokeo huwa yale yale, na hapo mgonjwa hana kosa.

Tazama dawa ya darunavir. Dawa nyingi zilizoitangulia katika kundi lake zilitegemea sana kushikamana na minyororo ya pembeni ya asidi amino (vijenzi vya protini) za protiasi, kimeng'enya kinachozikata protini za kirusi ili kikomae. Asidi amino moja ikibadilika, mshiko unalegea. Mwanakemia Arun Ghosh na wenzake waliisanifu molekuli inayoshika zaidi uti wa mgongo wa protini hiyo, ambao haubadiliki hata asidi amino zikibadilika, kama mtu anayeushika mti kwenye shina badala ya majani. Kirusi kinachotaka kuikwepa hulazimika kukusanya mabadiliko mengi, na mengi kati ya hayo hukipunguzia uwezo wa kuzaliana. Mwaka 2006 iliidhinishwa Marekani kwa watu waliokwisha kutumia dawa nyingine bila mafanikio, na miaka miwili baadaye kwa wanaoanza tiba.

Dawa ya lenacapavir imepita njia hiyo hiyo. Inalenga kapsidi, ganda la protini zipatazo 1,500 linaloifunika jenomu ya kirusi na ambalo kwa miaka mingi lilionekana kuwa shabaha ngumu mno. Iliidhinishwa kwanza mwaka 2022, Ulaya na kisha Marekani, kwa ajili ya watu wenye virusi sugu kwa dawa nyingi, baada ya jaribio la CAPELLA lililohusisha watu 72 tu. Mwaka 2024 jaribio la PURPOSE 1, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, lilionyesha kuwa kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo mara mbili kwa mwaka hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa iliyoanzia kwa kundi dogo kabisa la wagonjwa imegeuka kinga inayozungumzwa dunia nzima.

Hata hivyo, naona wengi wanaoishangilia wanasahau udhaifu wake. Tofauti na darunavir, kirusi kinaweza kuipunguzia nguvu lenacapavir kwa badiliko moja, na katika CAPELLA usugu ulijitokeza hasa kwa watu ambao dawa zilizoambatanishwa nayo hazikuwa na nguvu ya kutosha au hazikutumiwa ipasavyo. Isitoshe, sindano moja hubaki mwilini kwa miezi mingi ikipungua polepole, kwa hiyo dawa nyingine zikikoma mapema, lenacapavir hubaki peke yake na tunarudi kule kwa zidovudine. Kinachohitajika ni mwenza anayedumu kwa muda ule ule na anayeshambulia mahali pengine. Islatravir, ambayo inajaribiwa pamoja nayo kama kidonge cha mara moja kwa wiki, ni mmoja wa wanaowania nafasi hiyo. Chimbuko lake ni Yamasa, kampuni ya Japani inayojulikana zaidi kwa mchuzi wa soya, na nakiri kwamba jambo hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Mwaka 2021 majaribio yake yalisimamishwa kwa sababu dozi za wakati ule zilishusha idadi ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, kisha yakaendelea kwa dozi ndogo.

Na dolutegravir yenyewe haijasalimika. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilionyesha viwango vya usugu dhidi yake vya kati ya asilimia 3.9 na 8.6 katika tafiti zilizokusanywa, na kufikia asilimia 19.6 kwa watu waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na wingi mkubwa wa virusi.

Ningependa wafadhili waweke sharti moja kabla ya kugharimia kiambato chochote kipya: kijaribiwe mapema dhidi ya virusi sugu vilivyotoka kwa wagonjwa, na dhidi ya aina ndogo zote za VVU zilizoenea, ambazo hutajwa kwa herufi kama B na C. Dawa ya majaribio ya bevirimat, iliyozuia kukomaa kwa kirusi, ilikwama kwa sababu watu wengi walikuwa na virusi vyenye tofauti za asili katika Gag, protini inayounda mwili wa kirusi, zilizoikinza hata kabla ya kutumiwa. Aina C hubeba karibu nusu ya maambukizi yote duniani, ilhali maabara nyingi bado huanza na aina B na kuziachia nyingine hatua za mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kutumika.