Daftari Chini ya Godoro: Shajara Katika Riwaya za Kukua

Wiki iliyopita nilisoma mswada wa kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza. Riwaya nzima ni shajara, yaani daftari la kumbukumbu za kila siku, ya binti wa kidato cha pili. Ukurasa wa kwanza ulinikamata: "Jumanne. Mwezi umekuwa mkubwa, baba haendi ziwani. Mama hajaimba tangu asubuhi."

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hukaa nyumbani. Binti haelezi hayo, kwani hajui kama kuna mtu asiyeyajua. Wala hasemi kwamba anamwogopa baba. Msimulizi wa nje angeshasema hilo. Kwa shajara, msomaji anaiona hofu kabla mtoto mwenyewe hajaipa jina, na sijui mbinu nyingine inayofanya hivyo vizuri zaidi.

Wasioipenda shajara nao wana hoja nzito. Binti anayelala na wadogo zake watatu anaandikia wapi, tena kwa lugha gani? Nyumbani ni Kisukuma, mtaani Kiswahili, darasani Kiingereza. Mswada ule umempa Kiswahili cha mhariri wa gazeti, na kufika katikati nilikuwa namsikia mwandishi tu. Tena anaandika kila siku, hata siku ya msiba wa bibi yake! Siku ile, watu wamejaa uani na maji ya kuchota hayaishi, daftari lingekaa bila kuguswa.

Ila hoja ya kukosa faragha mimi naiona kama mtaji. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, hakuijenga riwaya yake Rosa Mistika (1971) kwa shajara, lakini barua ya mvulana inapomfikia baba, Rosa anaambulia kipigo. Katika nyumba zetu maandishi ya siri ni hatari, na hatari ndiyo hadithi. Daftari linaloloa mvua, linalochanwa karatasi za kuwashia jiko, lina uhai. La binti huyu halikuguswa na mtu kurasa zote mia mbili.

Nilimwomba mwandishi apunguze shajara, abakize siku chache zenye mapengo, na daftari limfikie mtu. Jana amenijibu: litaangukia kwa mama. Mama hajui kusoma, kwa hiyo atamwita mdogo wa binti, wa darasa la tatu, amsomee kwa sauti.