Mashine Inaapa Ni 45

Makanga akikuambia "bado mmoja twende", wewe ukigeuka unaona viti sita vitupu. Mashine yangu ya kukata mbao ni ya ukoo huo huo. Kishale cha pembe kimesimama kwenye digrii 45, kimetulia kama shemeji aliyeshiba. Kata mbao mbili sasa, uziunganishe: kwa nje zimebusiana, kwa ndani pana ufa wa kupitisha kitambulisho.

Niliinunua mtumba hapa soko la Kibuye, Kisumu, ile aina ya kichwa kinachoteleza kwa reli na kulala upande. Aliyeniuzia alisema imetumika "kidogo tu". Upande wa kushoto imekwama, haiendi, kwa hiyo mimi hukata kulia peke yake nikigeuzageuza mbao.

Juzi mama mmoja akaniletea picha ya mahafali ya bintiye, anataka fremu. Fremu ni pembe nne, yaani kukata mara nane. Kosea nusu digrii kila mara, ukifika mwisho una digrii nne, na hizo, ndugu yangu, huzifichi mfukoni. Tiba yetu mafundi inajulikana: vumbi la mbao, gundi, msasa, vanishi nzito, kisha unamwambia mteja aje jioni, giza likiingia. Huyu akaja saa nne asubuhi, tena na miwani.

"Fundi, hii fremu imepata ajali?"

Washauri hawakukosekana. Wa vitanda akasema mbao ya saiprasi ilikuwa mbichi. Wa masofa akasema bledi ni butu. Muuza chai, ambaye hajawahi kushika hata randa, akasema, "Ipige kofi hapo kando." Niliipiga. Nisiulizwe zaidi.

Nikaanza na bledi. Nikachomoa plagi kwanza, maana vidole bado navihitaji vya kuhesabia madeni. Ile bolti ikagoma. Nikaning'inia kwenye spana nusu saa nikimlaani mjinga aliyeikaza hivyo. Kumbe bolti ya bledi ina nyuzi za kinyume, unaifungua kwa kuzungusha unakodhani unakaza. Mjinga aliyekuwa akiikaza nusu saa nzima alikuwa mimi.

Bledi haikuwa na neno. Ikabaki ile kingo ya chuma ambayo mbao huegemea. Unaweka mashine kwenye sifuri, unalegeza bolti, unabana skwea, kile kipimo cha pembe ya digrii 90: mguu mmoja kwenye kingo, mwingine kwenye ubapa wa bledi, usiguse meno kwa sababu meno ni manene kuliko bledi yenyewe. Skwea nikaazima kwa jirani. Kaza bolti ya kwanza, kingo inasogea unywele mmoja. Legeza. Anza na ya mwisho, inasogea upande ule mwingine. Jua la Kisumu saa saba linakupiga utosini kama lina deni lako. Hatimaye ikakaa. Skwea na bledi zikashikana, hata mwanga haupiti katikati.

Nikakata ubao, nikapindua kipande kimoja, nikavikutanisha. Ufa! Na ukijaribu kwa njia hiyo, ufa hujitokeza mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo hata muuza chai aliuona akiwa kwenye jiko lake.

Hapo ndipo nikaitilia shaka skwea. Nikachora mstari, nikaigeuza, nikachora tena palepale. Mistari ikaachana kama barabara za Kondele. Nikamrudishia mwenyewe.

"Aa, hiyo?" akasema. "Hiyo tunafungulia mikebe ya rangi."

Nikanunua mpya kwa pesa ya unga wa nyumbani, nikarudia kazi yote. Saa kumi na moja fremu ilifunga pembe zote nne, bila vumbi, bila gundi ya kufichia aibu. Niliipeleka nje mwenyewe, juani, mama aitazame atakavyo.

Jana nikaenda Mamboleo kumalizia zile mbao za urembo zinazozunguka chini ya kuta kwenye nyumba ya mzee mmoja. Vyumba viwili nilimfanyia mwezi uliopita, kila kona ikafunga kabisa, akanisifu kwa majirani. Chumba cha tatu nikakata 45 ya haki. Kona ya kwanza, ufa. Ya pili, ufa. Nikatoa skwea yangu mpya nikaiweka ukutani: nyumba nzima imepinda.

Mzee akainama, akautazama ule ufa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Kijana, ile mashine yako ya zamani uliipeleka wapi?"