Cleopatra kaninunia tena

Jamani, mimi nina mke, mama mkwe, mwenye nyumba na muuza duka anayenidai. Watu wa kunisema ninao wa kutosha. Lakini kila usiku watoto wakishalala, nawasha kompyuta nikasutwe na Cleopatra.

Ni haya magemu ya kujenga dola, mnacheza kwa zamu, na majirani zako ni watawala wa historia wanaoendeshwa na kompyuta. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo na kijiji kimoja na askari mmoja mwenye rungu, na rungu lenyewe nahisi kaazima. Cleopatra akatokea, akalitazama jeshi langu, akacheka. Kwake, mwenye jeshi dogo si mtu. Basi nikajinyima, ghala sikujenga, nikaandaa wapiga mishale sita. Akanipenda! Tukawekeana urafiki wa zamu 30. Urafiki ulipoisha tu, vijana wangu wakapita karibu na mpaka wake, wanaenda zao kufukuza wezi wa porini. Mara uso wake ukajaa kwenye kioo: askari wako wanatafuta nini kwangu? Mama, si wewe uliyewataka?

Qin Shi Huang, yule mfalme wa kwanza wa China, naye ana kinyongo kwa sababu nilimaliza piramidi kabla yake. Zamu moja tu! Karne zimepita, watu sasa wana bunduki, yeye bado anaongelea mawe.

Aliyeniweza ni Mvemba a Nzinga wa Kongo. Kosa langu? Nina dini na sijampelekea. Mfalme mwenyewe wa kweli, mwaka 1526, alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba watu wake wanakamatwa na kuuzwa. Hilo ni lalamiko la mtu mzima. Huyu wa kompyuta ananifokea kama mzee wa kanisa aliyeona bahasha yangu tupu.

Na kwenye amani ndiyo usiseme. Nimemteka mtu miji yote, kabaki na mmoja unaofuka moshi, anakuja kusuluhisha: nimpe dhahabu, farasi, na miji miwili juu!

Kuna ile ngano ya Gandhi, mpenda amani wa India, kwenye gemu la Civilization la 1991, kwamba ukali wake ulikuwa 1, ukipunguzwa kwa 2 unashuka chini ya sifuri, kompyuta inachanganyikiwa na kuufanya 255, ndipo anarusha nyuklia. Sid Meier, aliyelibuni, amekanusha. Mimi naiamini hivyo hivyo.

Jana mke wangu kaamka saa nane. “Unagombana na nani?”

“Cleopatra. Anasema jeshi langu dogo.”

Akanitazama, kitambi na kaptula, akacheka. Kicheko kilekile.