Marufuku Kuokota Jiwe

Sijui ni nani aliyeshauri kwamba eneo la kihistoria lifunguliwe siku moja au mbili tu kwa mwaka, kisha watu washangae kuona dunia nzima imefika asubuhi hiyo hiyo. Nazungumzia Trinity, katika jangwa la New Mexico nchini Marekani, mahali lilipolipuliwa bomu la kwanza la atomiki tarehe 16 Julai 1945. Kiingilio ni bure, na penye bure mnapajua wenyewe. Lango linafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nane mchana, kwa hiyo ukitoka Albuquerque alfajiri ukidhani umewahi, utakuta wenye hamu kuliko wewe wamekwisha kutangulia, na foleni ya magari imenyooka jangwani hadi huoni mwanzo wake. Foleni hazinitishi, maana mimi ni mtu wa Ubungo. Lakini foleni ya Ubungo ina karanga, ina maji baridi, na ina trafiki wa kulaumiwa. Hii ya jangwani haina hata mti, na mwenye haja ndogo anabaki kumwomba Mungu wake.

Hayo yote ningeyavumilia kama nisingekuwa nimekaa garini na baba mkwe. Mke wangu ni mwenyeji wa Likasi, Katanga, kule Kongo, na baba yake amekuja kututembelea baada ya habari ya viza ambayo siisimulii kwa sababu kila mtu anayo yake. Mzee alivaa suti nyeusi na tai, katika jua lile, akaeleza kwamba yeye haendi matembezini, anakwenda kuhani msiba ambao ukoo wake haukuarifiwa.

Kutoka langoni bado ni mwendo wa kilomita 27 hivi ndani ya eneo la jeshi. Njiani tulimwona choroa amesimama kwa madaha, na kosa lilikuwa langu kujifanya mjuaji, nikasema kwamba wanyama hao waliletwa kutoka Kalahari kati ya mwaka 1969 na 1977 ili wawindwe, wakazaliana hadi wakafika maelfu. Mzee alimtazama yule choroa kwa muda mrefu. “Huyu naye walimwita ubalozini kwa mahojiano?” akauliza. Sikujibu.

Karibu na maegesho kuna Jumbo, sufuria la chuma la tani 214 ambalo halikupikiwa kitu. Lilitengenezwa ili bomu lilipuliwe ndani yake, plutoniamu, yaani baruti yake iliyotengenezwa kutokana na urani, isipotee endapo mlipuko ungeshindikana. Baadaye wataalamu wakaona hawalihitaji, wakalitundika kwenye mnara wa pembeni, nalo likanusurika. Watu walikuwa wamepanga foleni ili wapigwe picha ndani yake. Tukapita.

Basi tukafika palipolipuliwa lenyewe. Ule mnara wa chuma wa mita 30 uliobeba bomu uliyeyuka, na penyewe sasa pamesimama nguzo ya mawe meusi ya volkano yenye kimo kinachomzidi mtu maradufu. Kando yake palikuwa na meza, na mezani kijana mpole wa kujitolea aliyekuwa akiwaonyesha watu trinitaiti, yaani mchanga wa jangwani ulioyeyuka kwa joto la mlipuko ukaganda kuwa kioo cha kijani. Alisogeza kipima mionzi, nacho kikalia tik-tik-tik. Akasema kwamba saa moja ya kutembea pale haimdhuru mgeni, ila ni marufuku kuokota hata kipande kidogo, kwa kuwa kufanya hivyo ni wizi wa mali ya serikali. Nikamfasiria baba mkwe, na hapo ndipo siku yangu ilipoharibika.

Mzee alivua kofia, akaishika kifuani, akaanza. Alisema, kwa Kiswahili cha Katanga ambacho hakina haraka, kwamba karibu na Likasi kuna mahali panapoitwa Shinkolobwe; kwamba mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani ya Shinkolobwe, yakawekwa ghalani Staten Island, New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua; kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka huko, mikononi mwa watu waliochambua mawe hayo bila kuambiwa ni mawe gani; na kwamba katika tani zote hizo hakuna Mzungu hata mmoja aliyepekuliwa mifuko.

Kijana akanitazama, akisubiri tafsiri.

“Mzee anasema ahsante,” nikamwambia.

“Mbona maneno yangu ni mengi na yako ni mafupi?” akauliza baba mkwe.

“Baba, Kiingereza hubana maneno.”

“Mwambie habari ya mifuko.”

Nikasema kwamba mzee anasifu mpangilio. Kijana akafurahi, akampa mkono, akamuuliza anatoka wapi. “Shinkolobwe,” akajibu mzee mwenyewe, na jina hilo halikuhitaji mkalimani. Uso wa kijana ukabadilika, akasema kwa heshima kubwa kwamba amesoma habari za mahali hapo, akawaita na wenzake, na kufumba na kufumbua watu wakatuzunguka wakitaka hotuba yote, neno kwa neno. Nikaifasiri sasa, mimi mtu wa Ubungo, jasho likinitiririka, huku mzee akinisahihisha tarehe. Nasema kweli, nilichoka. Nilichoka na jua, na vumbi, na hao waliokuwa wakiitikia kwa vichwa kwa huruma, halafu wakageuka kununua fulana.

Tukiwa tunarudi alinitaka nimweleze kama watu wa jirani walilipwa. Nikamweleza kwamba hawakuhamishwa kabla ya mlipuko, wakatangaziwa kwamba ni ghala la baruti lililolipuka, na kwamba sheria ya fidia ya mwaka 1990 iliwaacha nje wakazi wa New Mexico waliofikiwa na vumbi lenye mionzi la mlipuko huo hadi mwaka 2025 ilipopanuliwa ikawaingiza. Akahesabu kimoyomoyo. “Miaka 80. Na wa Shinkolobwe wako nafasi ya ngapi?” Nikasema kwamba katika sheria hiyo hawamo.

Tulikula San Antonio, kijiji kilichoko njia panda, baga yenye pilipili za kijani, na mzee alilalamikia bakshishi kuliko mionzi. Tangu siku hiyo amenipa kazi ya kuandika barua ya madai kwa niaba ya ukoo, na kila jioni baada ya chakula hunivutia kiti mezani. Sijavuka mstari wa kwanza, kwa kuwa hatujakubaliana kama ianzie Washington au Brussels.