Mwanafunzi wa Udaktari Anayenyamaza Wodini

Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa akisimama nyuma ya wenzake kila raundi. Nikimwita awasilishe mgonjwa, karatasi inamtetemeka mkononi, anatoa sentensi mbili za Kiingereza, kisha kimya. Nilishamhesabu kuwa mzembe. Jioni moja nikapita wodini nikamkuta kando ya kitanda cha mama mmoja aliyevimba miguu.

"Mama, usiku unalala na mito mingapi?"

Mitatu.

"Na ukiipunguza?"

Pumzi inakata.

"Huwa unashtuka usingizini unatafuta hewa?"

Nilisimama mlangoni nikiona aibu. Yalikuwa maswali ya mtu anayeshuku kuwa moyo umeshindwa kazi, tena kwa mpangilio mzuri. Ugonjwa aliujua. Kilichomshinda ni kuueleza mbele yetu kwa Kiingereza.

Wengi wa vijana hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza. Wodini mgonjwa anaongea Kiswahili. Mwanafunzi anasikiliza, anatafsiri, anapanga, anawasilisha, huku daktari bingwa amemkodolea macho. Siku hizi anayekwama namwambia aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha arudie kwa Kiingereza. Yule msichana nilipomruhusu, alieleza hali ya yule mama mwanzo hadi mwisho bila kutazama karatasi.

Wapo wenzangu wanaoona huku ni kudekeza, kwamba daktari asiyejua kazi anaua. Kweli anaua, na ndiyo maana sishushi alama ya kufaulu hata moja. Ila nikimpa mtu sifuri, nataka niwe na hakika nimepima udaktari wake.

Si kila anayekwama anakwamishwa na lugha. Yupo anayekesha na madaftari ya biokemia, kurasa zote zimepigwa mistari ya rangi, na bado ana sapu, mtihani wa marudio. Huyo ukimwambia "ongeza bidii" unamwonea. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kuwa waliosoma kisha wakajipima wenyewe walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia tu kusoma. Kwa hiyo namwambia afunge daftari, achukue karatasi tupu, achore njia nzima ya sukari mwilini kwa kichwa, kisha afungue aone alichosahau. Mara ya kwanza karatasi inabaki nusu tupu na anaumia. Tunaanzia hapo hapo penye utupu.

Na yupo ambaye bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, anashinda na chai ya asubuhi. Mwulizeni amekula nini, jamani.

Kinachoniuma zaidi ni kuchelewa kwetu. Tunasubiri mpaka kijana adisko, aondolewe chuoni kwa kufeli, ndipo tunaanza kusikitika kwenye korido, wakati jaribio la kwanza lilishatuonyesha nani anazama. Mwiteni mapema, faraghani, kamwe si mbele ya wagonjwa. Msianze na "mbona umefeli?" Mwambieni awasimulie alivyosoma wiki iliyopita, siku kwa siku, na mnyamaze mumsikilize kama mnavyomsikiliza mgonjwa mpya.

Majibu ya jaribio la muhula huu ninayo mezani. Waliopata chini ya nusu ni saba. Jumatatu naanza kuwaita, mmoja mmoja.