Printa ya bei nafuu: nafuu kwa nani?

Mtu akishapata laptop na mausi, kifaa kinachofuata kumjia akilini mara nyingi ni printa. Na dukani kuna moja inayomvutia kuliko zote: ndogo, nyepesi, inaprinti, inaskani na inatoa kopi, na bei yake iko chini kabisa ya zile za matanki, yaani za kumiminiwa wino wa chupa, zilizo jirani yake. Muuzaji atamwambia kazi ni ileile. Ni kweli. Shida iko kwenye wino, na hesabu yake ipigwe kabla hela haijatoka mfukoni.

Printa hizo ndogo hutumia katriji, vijisanduku vya wino vinavyochomekwa ndani na kubadilishwa wino ukiisha. Chukua HP DeskJet 2130, ambayo wengi wameshaiona. Katriji yake nyeusi ya kawaida, namba 123, HP wenyewe wanaikadiria kurasa 120 hivi, na ya rangi kurasa 100. Rimu moja ina karatasi 500. Kwa hiyo kabla rimu haijaisha utakuwa umemaliza katriji nne na umeshafungua ya tano. Tuseme unainunua kwa shilingi 48,000: kila ukurasa umekugharimu shilingi 400 za wino tu, karatasi na umeme bado. Weka bei ya duka lako, gawa kwa 120, uone. Tena makadirio hayo ni ya kurasa za maandishi ya kawaida, zenye weupe mwingi. Ukiprinti picha au bango lililojaa rangi, katriji inaisha mapema zaidi.

Epson waligeuza biashara hiyo. Mwaka 2010 walianza kuuza printa za matanki nchini Indonesia, ambako mafundi walikuwa wameshazoea kufunga matanki ya nje kwa mirija ya plastiki ili kukwepa bei ya katriji. Mashine ikawa ghali, wino ukawa rahisi. Chupa nyeusi namba 103 inayotumika kwenye printa yao ya L3250 ina mililita 65 na inakadiriwa kutoa kurasa 4,500, yaani rimu tisa. Canon na HP nao wakaja na matanki yao. Kwa mwalimu anayeandaa mitihani ya madarasa matatu, au mtu anayefungua steshenari ndogo, hapa sioni mjadala: katriji itamfilisi, tanki litamlipa.

Lakini mtu wa nyumbani anayeprinti mara moja moja ndiye ninayemhurumia, kwa sababu anauziwa tanki kwa hoja ambazo ni za mwenye steshenari. Wino wa majimaji ukikaa bila kutumika hukauka kwenye matundu ya kichwa cha printa, sehemu inayorushia wino kwenye karatasi, na matundu hayo ni madogo kuliko unywele. Ukiprinti ule ukurasa wa kukagua matundu, unaona mistari iliyotakiwa kuwa mizima imekatikakatika, njano pengine haipo kabisa. Unaagiza mashine ijisafishe. Inajisafisha kwa kuvuta wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani, chini. Unarudia mara ya pili, mara ya tatu, chupa inashuka na hujaprinti barua hata moja. Sponji nayo ina kikomo: mashine inahesabu wino uliomwagwa, na hesabu ikifika mwisho inagoma kuprinti mpaka sponji ibadilishwe na hesabu irudishwe sifuri. Kuna mafundi wanaorudisha hesabu kwa programu bila kugusa sponji. Kataa huduma hiyo, maana wino utakuja kufurika mezani.

Hapo katriji ina haki yake, na ni vizuri tuipe. Kwenye printa kama hiyo ya 2130, kichwa kimejengwa ndani ya katriji yenyewe. Kikikauka, unachomeka katriji mpya na umepata kichwa kipya. Kwenye printa nyingi za matanki kichwa ni sehemu ya mashine, na kukibadilisha ni gharama inayomfanya mtu aanze kufikiria mashine nyingine.

Wanaotegemea katriji zisizo za kampuni nao wajue jambo moja. Septemba 2016, baadhi ya printa za HP zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine kwa sababu ya programu iliyokuwa ndani yake. Watu walikwenda kulala printa ikifanya kazi, wakaamka haifanyi. HP walishtakiwa Marekani. Bei nafuu ya wino wa pembeni ina masharti ambayo mtengenezaji anaweza kuyabadilisha ukiwa umeshalipa.

Kuna leza pia, na kwa maoni yangu inadharauliwa bure kwa kuwa nyingi hazina rangi. Wino wake, tona, ni unga, haukauki. Iache mwezi mzima, siku ukiiwasha inaprinti. Unga huyeyushwa na kugandishwa kwenye karatasi kwa moto, kwa hiyo tone la maji haliharibu mkataba wako kama linavyoharibu wino wa majimaji. Maandishi yakianza kufifia, chomoa katriji ya tona, itikise taratibu kushoto na kulia, na utapata kurasa nyingine kadhaa kabla ya kununua mpya. Ubaya wake ni umeme: inapoprinti inakula mamia ya wati, na UPS ndogo ya mezani, ile betri ya akiba ya kompyuta, si ya kuchomeka leza. Anayetumia sola ya nyumbani afikirie mara mbili.

Vipi kuhusu kutonunua kabisa? Kwa anayeprinti kurasa ishirini kwa mwezi, steshenari ya mtaani inashinda mashine zote hizi kwa bei. Kinachonisumbua ni nyaraka. Unatuma picha ya kitambulisho cha NIDA, mkataba wa kazi au taarifa ya benki kwenye WhatsApp ya steshenari, unaprintiwa, unaondoka, faili linabaki kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaikaribia. Flashi nayo inarudi nyumbani na virusi. Kama shughuli zako ni nyaraka za watu, iwe wakala, mwanasheria au mhasibu, siri ya mteja peke yake inatosha kuhalalisha printa yako mwenyewe, hata kama hesabu ya kurasa inakataa.

Kwa hiyo mimi ningemshauri anayeprinti kila wiki kwa rangi achukue tanki, na aprinti ukurasa wa rangi kila baada ya siku chache hata kama hana kazi. Wa nyaraka nyeusi za hapa na pale achukue leza, na iliyotumika ofisini si mbaya. Ila kabla ya kulipa mtumba, usikubali kuonyeshwa taa tu. Dai iprinti kurasa tano mfululizo mbele yako. Mstari mweusi ulionyooka juu hadi chini ya kila karatasi ni dalili ya dramu, silinda inayopeleka unga kwenye karatasi, iliyochubuka, na hilo linarekebishika ukipunguziwa bei. Herufi zikifutika ukizisugua kwa kidole, sehemu ya kuyeyushia unga imechoka. Hiyo iache dukani.